Mizani Hadharani: Taasisi, Kiongozi na Matarajio ya Umma

(Mada iliyotolewa kwa washarika na wageni waalikwa katika maadhimisho ya miaka mia moja ya usharika)



Kamati ya maandalizi imenipa heshima ya kuzungumzia uhusiano uliopo kati ya taasisi na viongozi wake kwa upande mmoja, na umma unaowazunguka kwa upande wa pili. Nimelipokea jukumu hili kwa shukrani. Taasisi inapotimiza miaka mia moja, jambo la kwanza linalowajia wenyewe ni kujihesabia mafanikio: majengo yaliyosimama, watoto waliobatizwa, wachungaji waliotoka humo. Hesabu hiyo ni halali na wenzangu wameifanya vizuri. Mimi nimeombwa niulize swali la upande wa pili: walioko nje ya uzio wetu wanatutarajia nini, na sisi tunawajibuje?

Sitakwenda mbali kutafuta mifano. Kanda hii ya Ziwa, kuanzia Mwanza hadi Ukerewe, Shinyanga na Bukoba, imeona mambo ya kutosha kutufundisha. Nitatoa mifano mitatu: mmoja wa chama cha ushirika, mmoja wa kiongozi, na mmoja wa vyombo vya usafiri. Kisha nitarudi kwetu.

1. Mizani ya pamba

Wazee waliopo hapa wanakumbuka, au walisimuliwa na wazazi wao, jinsi pamba ilivyouzwa katika Jimbo la Ziwa wakati wa ukoloni. Bei ilipangwa na serikali. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara mwenye kituo cha kununulia, na mara nyingi nyuma yake alikuwapo mwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mkulima alifika na mzigo wake kichwani au juu ya baiskeli, akauweka juu ya mizani asiyoweza kuisoma, akatajiwa uzito asioweza kuubishia. Bei ilikuwa ya haki kwenye karatasi. Wizi ulikuwa kwenye mizani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kutafuta njia ya kujitetea. Hatua yao ya kwanza ilikuwa ndogo mno kwa macho ya mtu wa nje. Hawakuanza kwa kudai viwanda, wala hawakuanza kwa kuomba mkopo. Waliwaweka watu wao wenyewe, wanaojua kusoma na kuhesabu, wasimame kando ya mizani ya mnunuzi na kuuhakiki uzito. Kutokana na harakati hizo kikazaliwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mbele yao akasimama kijana aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, Paul Bomani. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Ilipokaribia Uhuru, shirikisho hilo lilikuwa limeshika ununuzi wa pamba ya jimbo zima, lina viwanda vyake, na lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika barani.

Naomba tulitafakari jambo hili. Chombo kikubwa namna ile kilijengwa juu ya ahadi moja nyepesi kuielewa: mzigo wako utapimwa sawasawa, na utaona unavyopimwa. Matarajio ya umma mara nyingi huwa hivyo. Sisi viongozi hudhani watu wanatudai mambo makubwa, tukajitahidi kuwaonyesha mambo makubwa, kumbe wao wanadai jambo dogo ambalo linaweza kuhakikiwa kwa macho.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kugeuka. Ushirika ulipewa haki ya kuwa mnunuzi pekee. Kwa hesabu za siku ile ilionekana ni ushindi, kwa kuwa mlanguzi aliondoka. Lakini mkulima ambaye hana mahali pengine pa kupeleka pamba yake hana tena njia ya kusema kwamba hakuridhika. Makato yakaongezeka, ofisi zikaongezeka, ajira zikatolewa kwa kujuana, na malalamiko yakarudi yale yale: mizani, ucheleweshaji wa malipo, na fedha zisizojulikana zilikokwenda. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere aliteua kamati maalumu ichunguze vyama vya ushirika na bodi za mazao nchini. Miongoni mwa yaliyobainika ni kwamba wanachama wengi hawakuelewa chama chao kinavyoendeshwa, watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na wanasiasa waliingilia kazi. Haukupita muda mrefu, shirikisho lile kubwa likawekwa chini ya usimamizi wa Serikali, na mwishoni mwa miaka ya 1960 nafasi yake ikachukuliwa na Chama cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katikati ya miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na Nyanza ikajikuta dhaifu, yenye madeni, ikishindana na watu wenye fedha taslimu mkononi.

Ipo sehemu ya habari hii ambayo hatupendi kuisema hadharani, nami nitaisema. Imani ilipopotea, mkulima naye alijifunza hila. Pamba ikamwagiwa maji ili iwe nzito. Mchanga ukawekwa katikati ya mzigo. Pamba fifi ikachanganywa na safi. Karani akipunguza kilo kwa kuwa anajua mzigo una maji, mkulima anaongeza maji kwa kuwa anajua karani atapunguza kilo. Mwisho wa yote pamba yetu ikashushwa hadhi mbele ya wanunuzi wa nje, na hasara ikawarudia wote wawili. Hapo ndipo tunapoona kwamba imani si hisia njema ya moyoni. Ni mali, tena mali ya pamoja, na ikiliwa na upande mmoja, upande wa pili nao huanza kula.

2. Kiongozi na dhamana ya cheo

Mfano wa pili unamhusu mtu binafsi. Katika miaka ya 1970 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilisumbuliwa na mauaji, mengi yakihusishwa na imani za uchawi. Waathirika walikuwa hasa wazee, na zaidi akina mama, ambao kosa lao mara nyingine lilikuwa ni kuwa na macho mekundu kutokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Umma ulitarajia Serikali ichukue hatua, na matarajio hayo yalikuwa ya haki. Mwaka 1976 ikafanyika operesheni ya kuwakamata watuhumiwa. Katika operesheni hiyo baadhi ya waliokamatwa waliteswa, na wapo waliofia mikononi mwa vyombo vya dola.

Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Hakuwapo Shinyanga wala Mwanza mateso yalipofanyika. Lakini Januari 1977 alijiuzulu, na pamoja naye walijiuzulu waziri aliyehusika na usalama na wakuu wa mikoa yetu hii miwili. Watanzania wamelitaja tukio hilo kwa zaidi ya vizazi viwili kila linapozungumzwa suala la uwajibikaji. Mzee Mwinyi alipelekwa baadaye kuwa balozi nchini Misri, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alifariki dunia tarehe 29 Februari 2024, na katika salamu za maombolezo watu walirudi tena na tena kwenye barua ile ya kujiuzulu.

Tujihadhari tusilifanye jambo hili kuwa hadithi ya kumsifu mtu tu. Kujiuzulu hakukumrudishia mjane mume wake. Wala si kila kosa dawa yake ni kuacha kazi. Kuna anayejiuzulu ili asiulizwe maswali, na huyo hajawajibika bali amekimbia. Ninachotaka tukione ni hiki: wenzetu wale walikubali kwamba mwenye cheo hujibu kwa niaba ya cheo, hata kwa yale ambayo mikono yake haikuyatenda. Tuna msemo kwamba cheo ni dhamana. Dhamana ni kitu cha mtu mwingine kilichowekwa kwako, na mwenyewe anaporudi hakuulizi kama ulikuwa na nia njema. Anauliza kitu chake kiko wapi.

Na kuna upande wa pili wa mfano huu ulio mgumu zaidi. Wale akina mama waliuawa na nani? Waliuawa na watu wa vijiji vyao, mara nyingi baada ya minong'ono ya majirani na ndugu. Ina maana umma huo huo uliotarajia ulinzi ulikuwa na watu ndani yake waliotarajia damu. Miaka ya baadaye, kuanzia mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, Kanda ya Ziwa iliaibika tena mbele ya dunia kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Wateja wa viungo vile hawakutoka mwezini. Kwa hiyo mtu asitudanganye kwamba kuuheshimu umma ni kuufuata kila unakoelekea. Umma nao una mizani yake, na mizani hiyo nayo inaweza kuchezewa. Kiongozi au taasisi inayotoa kila inachoombwa na umati haiuheshimu umati huo, inauogopa. Kanisa lililokaa kimya mzee wa kijiji alipoitwa mchawi, kwa kuhofia kupoteza washarika, lilikuwa limewapendeza watu na kuwatupa kwa wakati mmoja.

3. Idadi ya abiria

Mfano wa tatu unaumiza, na najua wapo kati yetu waliofiwa. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800. Nasema wanakadiriwa, na neno hilo ndilo linalopaswa kutuumiza kila mwaka tunapokwenda Igoma kwenye makaburi yao. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa katika orodha kamili ya majina. Taifa lilitangaziwa siku tatu za maombolezo, tume ya uchunguzi ikaundwa, watu wakafikishwa mahakamani, lakini hakuna aliyeweza kusimama mbele ya wafiwa na kusema kwa uhakika: waliopanda walikuwa hawa.

Ilipita miaka ishirini na miwili. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gatini Bwisya. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni 228, na waliookolewa ni 41. Tukijumlisha tunapata 269. Siku za mwanzo, tena, hakuna aliyejua waliopanda walikuwa wangapi.

Ndugu zangu, umma ulitarajia nini kwa wenye vyombo vile? Ulitarajia jambo lile lile dogo la mkulima wa pamba: kuhesabiwa sawasawa. Kuhesabu abiria hakuhitaji mtaalamu kutoka Ulaya. Kunahitaji mtu mmoja mlangoni mwenye mamlaka ya kusema, “Imetosha, wengine wasubiri,” na mkubwa wake wa kazi atakayemuunga mkono umati utakapoanza kumtukana. Maana umati utamtukana. Siku ya gulio, jua linazama, kila mtu anataka kufika nyumbani. Abiria mwenyewe ndiye anayesukuma ili aingie. Hapa tena matarajio ya umma yako mawili. Yapo matarajio ya saa ile, ambayo ni kupanda. Yapo matarajio ya siku zote, ambayo ni kufika. Mtumishi mwaminifu ni yule anayekubali kuyakataa ya kwanza kwa ajili ya kuyatimiza ya pili.

Mwezi Februari 2023 hapa Mwanza ilishushwa majini meli mpya, MV Mwanza, iliyoundwa kubeba abiria 1,200. Tunaishukuru nchi yetu kwa hatua hiyo. Lakini meli kubwa haijihesabii abiria yenyewe. Kazi ya mlangoni inabaki kuwa ya mwanadamu.

4. Na sisi je?

Sasa nirudi nyumbani. Usharika si chama cha pamba, si wizara, si kampuni ya meli. Lakini usharika nao hupokea vitu vya watu. Hupokea sadaka, ahadi, mavuno na michango ya jubilei kama hii. Hupokea watoto katika shule za awali na wagonjwa katika zahanati. Hupokea siri za ndoa zilizo mashakani. Na jirani asiye Mlutheri, Mkatoliki, ndugu wa AIC, Mwislamu, hata asiye na dini, anatutazama. Anapopita barabarani haulizi imani yetu imeandikwaje. Anauliza: wale watu wakisema, wanatenda? Fedha wakikabidhiwa, zinaonekana? Mnyonge akidhulumiwa karibu na uzio wao, wanatoka nje?

Kwa heshima naomba nipendekeze mambo manne.

La kwanza, mizani yetu na iwekwe hadharani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe ibadani kwa lugha ambayo bibi aliyetoa kuku wake atailewa, kisha ibandikwe ubaoni, si kwa siku moja bali hadi taarifa nyingine itakapotoka. Hesabu za michango ya jubilei hii zianze utaratibu huo. Na wahesabu sadaka wasiwe watu wale wale miaka kumi mfululizo, hata kama ni watakatifu. Utaratibu mzuri humlinda mwaminifu asisingiziwe, kama unavyomzuia asiye mwaminifu.

La pili, tuseme wazi tusiyoyaweza. Mtaa fulani ukituomba shule ya sekondari nasi tukajua hatuna uwezo, tuseme hapana mapema na kwa upole. Ahadi tunayoitoa ili kuepuka aibu ya dakika tano hugeuka kuwa malalamiko ya miaka ishirini. Watu husamehe umaskini wa taasisi upesi kuliko wanavyosamehe ujanja wake.

La tatu, tukubali kuhakikiwa na watu wasio wa kwetu. Wakulima wale hawakumwambia mnunuzi ajichunguze mwenyewe. Waliweka jicho lao kando ya mizani. Baraza la Wazee lisione ni dharau mkaguzi wa nje anapofungua vitabu vyetu, wala wazazi wanapouliza ada ya shule imetumikaje. Anayeuliza bado anatuamini kidogo. Tuwaogope zaidi waliokwisha kuacha kuuliza.

La nne, tuwe na ujasiri wa kuukatalia umma pale mizani yake inapopotoka. Mzee akiitwa mchawi, binti akiozeshwa akiwa shuleni, mtoto mwenye ualbino akifichwa kwa hofu, usharika usisubiri kwanza kuona upepo unavumia wapi. Siku hiyo tutapoteza baadhi ya marafiki. Lakini taasisi ambayo haijawahi kumkasirisha mtu yeyote kwa miaka mia moja ina haja ya kujiuliza ilikuwa ikifanya nini muda wote huo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wenzetu walioanzisha usharika huu hawakuacha mali nyingi. Walichoacha ni watu kuamini kwamba neno lililosemwa hapa ni neno. Imani hiyo hairithiwi kama kiwanja chenye hati. Kila kizazi huipata upya kwa kupimwa, tena mbele ya macho ya watu. Jumapili ijayo mtunza hazina wetu atasimama mbele kusoma hesabu. Naomba tusimharakishe amalize ili tukale. Tumsikilize hadi senti ya mwisho, na mwenye swali aulize.